Jino la Juu

Ndugu zangu wa bendi, mmeniuliza swali moja kwa vinywa tofauti: Ramadhani, lile jino la Korogwe limekwenda wapi? Aliyeko Ngombezi ameniandikia, aliyeko Chanika amenisimamisha njiani, na mmoja wenu, namjua, amemwuliza mke wangu badala ya kuniuliza mimi. Nimechoka. Kila nikijibu hasira inanipanda upya. Kwa hiyo naandika mara moja tu. Someni, pokezaneni, na atakayeniuliza tena baada ya hapa nitamjibu kwa fimbo ya ngoma, maana siku hizi ndiyo ninayoshika.

Habari za barua za ruhusa, mihuri na kusubiri ofisini naziacha. Kila mtu anazijua, na hazijawahi kumfurahisha msomaji.

Kang'ata hadi Chanika

Jinsi jino lilivyotoka mnakumbuka, ila kwa wale waliokuwa wamekaa nyuma ya lori wakitazama upande mwingine nitarudia. Tulikuwa tunakwenda kupokea wageni, mimi nimesimama mbele ya lori napiga tarumbeta, na dereva akamwona mbuzi. Alimhurumia mbuzi, mimi hakunihurumia. Breki ilipokamata, tarumbeta iliingia kinywani na jino la juu la mbele likabaki mkononi mwangu, zima, na mzizi wake.

Mtu anayelima anaweza kuishi na pengo. Mpiga tarumbeta hawezi. Mdomo wa juu unataka kuegemea kitu, na ukiegemea hewa sauti inatoka kama ya bata. Nikatengenezewa jino la kubandika. Likakaa vizuri kwa kula na kwa kucheka, lakini siku ya sherehe nilipopandisha sauti ya juu, liliruka likatua kwenye sahani ya karanga mbele ya mgeni wa heshima. Mgeni alilitazama, akasogeza sahani taratibu. Mwenyekiti wetu wa kijiji akaniambia tarumbeta ni mali ya kijiji, na nisipopona hadi mavuno itatafutiwa mtu mwingine.

Ndipo nikasikia kwamba hospitali ya shamba moja la mkonge, upande wa Ngombezi, imepata daktari mgeni anayepanda jino ndani ya mfupa. Si kubandika. Kupanda. Mke wangu Mwanahawa alikuwa na mimba kubwa, mimba ya kwanza baada ya miaka sita ya ndoa, na mama yake alikwisha kuja kumwangalia. Nilisita. Mwanahawa mwenyewe ndiye aliyenifungia nguo. "Nenda," aliniambia. "Mtoto azaliwe asikie tarumbeta, asizaliwe akute baba yake ananung'unika."

Niliondoka kwetu Kang'ata na trekta la kijiji lililokuwa linavuta tela la mahindi. Trekta lilikuwa likienda mwendo ambao kuku alitupita, naapa, na kuku yule hakuwa na haraka. Tulifika Chanika jua likiwa utosini.

Chanika hadi Korogwe

Pale Chanika basi lilitakiwa kuja siku ileile. Halikuja. Kesho yake pia halikuja, na kila niliyemwuliza alijibu kwa uhakika kabisa: "Liko njiani." Ninalichukia neno hilo. Kila kitu duniani kiko njiani.

Nilikaa kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja aliyenipikia bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, chakula ambacho mtu asiye na jino la mbele anakila bila kuwaza. Wateja wake walikuwa na shauri moja moja kuhusu kinywa changu. Mmoja alitaka nisugulie mkaa, mwingine akasema jino likipandwa lazima limwagiliwe. Mzee mmoja alitaka kujua kama nalipanda la mtu mwingine, na kama ni hivyo, mwenye jino akifa jino litafanyaje. Nilimwambia litakwenda mazikoni. Hakucheka, akaniuliza litakwendaje bila mimi.

Siku ya tatu basi lilikuja, likatufikisha Sindeni, likavunja springi. Abiria tulishuka tukakaa kando ya barabara tangu asubuhi hadi alasiri. Kondakta alikuwa akitupitia kutupa pole, na kila akitoa pole alikuwa anatafuna muwa wa mtu. Korogwe tuliingia nguo zikiwa nyekundu kwa vumbi.

Shamba la mkonge

Jina la shamba silitaji, maana wenye kosa hawakuwa huko. Mimi nimezaliwa kwenye kambi za wakata mkonge, baba yangu alitoka Unyamwezi akiwa kijana akaja kukata, akafia hapo. Harufu ya mashine ya mkonge ikinifika puani najiona mtoto. Kwa hiyo niliingia kwa moyo mkunjufu, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho katika safari yote.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya "fungua" na "bado". Aliyesema kwa niaba yake alikuwa msaidizi wake Elia, Msambaa wa Bumbuli, mtu wa maneno machache na ya kweli. Kabla sijalala kwenye kiti, Elia alinionyesha kopo la kahawa. Ndani yake kulikuwa na skrubu ndogo ndogo.

"Hizi ni zilizotoka," alisema. "Usije ukadhani zote zinashika. Huyu alivuta sigara. Huyu alirudi kukata mkonge kabla ya siku zake. Huyu sijui kwa nini, ilijaa usaha tu."

"Na zilizoshika?"

"Hizo ziko vinywani mwa watu. Siwezi kukuonyesha kopo lake."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Wakanichoma sindano ya ganzi, kisha daktari akatoboa mfupa kwa keekee ndogo. Maumivu sikuyasikia, ila sauti niliisikia ndani ya fuvu. Halafu akaingiza skrubu, akaikaza. Juu yake ikabaki sehemu ndogo iliyochomoza kwenye ufizi, nayo akaivika kofia nyeupe ndogo kama punje ya mchele. Jino lenyewe lingekuja kuvikwa juu ya hiyo baada ya miezi mitatu, mfupa ukishaikumbatia skrubu.

Elia akanipa masharti. Nisiume kitu kigumu. Nisipulize chochote, hata moto jikoni. Nisiliguse kwa ulimi. Nisukutue kwa maji ya chumvi. Kisha akachukua mpini wa kioo kidogo akagonga ile kofia: ti, ti. Sauti kavu.

"Sauti hiyo ndiyo nzuri," alisema. "Siku ukisikia imekuwa nzito, imelegea. Isipotikisika kwa miezi mitatu, umepata jino."

Nilitoka pale nimefumba mdomo kama mtu aliyebeba yai.

Korogwe hadi Chanika

Kama hujawahi kukataa chakula safarini, usinilaumu kwa nitakayoyasema. Watu wetu ni wakarimu, na ukarimu wao unaweza kukuua. Kituoni Korogwe mama mmoja aliona shavu langu limevimba, akanihurumia, akanipa hindi la kuchoma. Nikasema ahsante, siwezi. Akadhani naona haya. Akalikata vipande viwili, akanipa nusu. Nikasema nimefungwa na daktari. Akasema, "Daktari hajui njaa yako, mwanangu," akasimama akitazama hadi nile. Nilizungusha punje tatu shavuni, nikazimeza nzima kama kuku. Akaridhika.

Ndani ya basi nilipewa muwa, korosho, na mfupa wa mbuzi. Mfupa! Mwenye mfupa alinuna nilipomrudishia, akamwambia jirani yake kwamba vijana wa siku hizi wakifika hospitali mara moja tu wanajifanya Wazungu. Nilitaka kumjibu, nikakumbuka nisifungue mdomo sana. Nilikaa na jibu langu tumboni hadi Chanika, na njaa juu yake.

Chanika hadi korongoni

Hapa ndipo pa kusikiliza.

Pale Chanika nilipata lori la ushirika lililokuwa linakwenda upande wetu kuchukua mahindi. Juu tulikuwa watu tisa au kumi. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kizigua, Bi Tatu, mwembamba, mchangamfu, amekaa juu ya gunia tupu kama malkia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwetu. Nilipotaja kwamba baba alikuwa Mnyamwezi, uso wake ukawaka.

"Kumbe mtani wangu! Mbona hukusema mapema? Nimekupa marahaba yangu bure."

Mnajua Wazigua na Wanyamwezi walivyo. Wakikutana lazima watukanane, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Alianza na baba yangu, akaenda kwa babu, akasema walibeba mizigo ya watu hadi wakasahau kubeba akili. Nikamjibu kwamba ndiyo maana tulioa kwenu, mzigo mwingine. Lori zima lilicheka. Nilicheka na mimi, nikajisahau, nikafungua mdomo. Bi Tatu akaiona ile kofia nyeupe.

"Hee! Mtani! Umeota jino la juu peke yake! Kumbe u kigego!"

Kwa asiyejua, kigego ni mtoto anayeota jino la juu kabla ya la chini. Zamani wazee walisema anakuja na balaa, mvua inakimbia, ndugu wanakufa. Yaliyowapata watoto hao sitayaandika hapa, nitayafikia. Bi Tatu alikuwa anatania, na utani una sheria yake: tusi la mtani hulikatai, unalipokea na kuliongezea. Ukilikataa umeharibu mchezo. Nami, mtoto wa mjinga, nikalipokea kwa mikono miwili.

"Ndiyo, bibi," nikasema kwa sauti, "mimi ni kigego halisi. Nimeota la juu juzi Korogwe, na nakuja kuwamaliza wote, nikianza na wewe!"

Wakati nasema maneno hayo lori lilikuwa limepunguza mwendo kwenye mteremko, na mtu mmoja alikuwa anapanda kwa nyuma. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa kijijini kwetu, mtu mzito wa sura na wa akili. Matusi ya mwanzo hakuyasikia, wala hakujua kama kulikuwa na utani. Alichosikia ni mimi nakiri, na alichoona ni kitu cheupe kwenye ufizi wangu. Aliketi mbali nami, akakunja miguu.

Nusu saa baadaye tulifika kwenye korongo. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, mchanga umelainika, na lori likazama hadi ekseli. Tukashuka. Tukachimba, tukakata matawi, tukasukuma. Lori likazidi kuzama. Balozi hakusukuma. Alisimama pembeni akaongea na huyu, akaongea na yule, na kila aliyeongea naye aligeuka akanitazama kinywani.

Mwishowe akanijia. "Ndugu Ramadhani, sisemi kwa ubaya. Lakini umetamka mwenyewe. Kaa mbali na gari kidogo, tujaribu."

Nilidhani anatania na yeye. Sikuona utani usoni mwake. Nikamwambia ni skrubu, ni chuma, nimewekewa na daktari. Akaniuliza, "Chuma kimeota vipi kwenye nyama?" Bi Tatu akapiga kelele kwamba ule ulikuwa utani, wampe kijana heshima yake. Mnajua alijibiwaje? Kwamba mtani ni lazima amtetee mtani wake, hivyo ushahidi wake haufai!

Nilikaa mbali na gari. Wakati huohuo dereva alikuwa amepata mawe ya kutosha kuyaweka chini ya magurudumu, na gari likatoka. Kwa hasira yangu hadi leo, likatoka mara tu nilipokaa mbali. Walipiga makofi. Nilikimbia kupanda, balozi akagonga paa la dereva, lori likaondoka, na nguo zangu zikarushwa chini na mtu aliyenionea huruma kiasi hicho tu.

Korongoni hadi nyumbani

Nilitembea siku moja na nusu. Nilitukana njia nzima, kwa mdomo uliofumbwa, ambayo ni kazi ngumu kuliko mnavyofikiri. Nilimtukana balozi, nikamtukana dereva, nikamrudia yule mbuzi wa mwanzo. Nilijitukana mimi pia, kwa ulimi wangu usioweza kukaa kimya mbele ya bibi mmoja mchekeshaji.

Kwenye boma moja la wafugaji nilipumzishwa. Mwenye boma alinipa maziwa ya kibuyu, chakula cha kwanza tangu Korogwe ambacho hakikudai kutafunwa. Alitazama kinywa changu kwa makini, naye ameng'olewa meno mawili ya chini kwa mila yao, akaniuliza iwapo chuma kile kinauma. Nikasema hapana. Akasema vizuri, akanijazia tena. Ningeweza kumkumbatia.

Niligonga ile kofia kwa ukucha: ti, ti. Sauti kavu. Mguu ulikuwa umechubuka, shavu limevimba, lakini jino lilikuwa zima, na hilo lilinitembeza.

Mlangoni

Nilipofika kijijini watoto walinikimbia. Lori lilikuwa limenitangulia kwa siku nzima, na siku nzima ni ndefu kwa habari. Jirani mmoja alinipokea nusu njia, akasimama mbali, akaniambia kwa sauti: "Hongera, umepata mtoto wa kike. Usiingie."

Mama mkwe wangu, Bi Mwanjaa, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu amenyoosha miguu. Mnajua mkwe tunavyomheshimu. Sijawahi kula mbele yake, sijawahi kupaza sauti mbele yake. Nilimwamkia. Akaitikia akitazama chini, akasema, "Baba, hapa hupiti na hicho kinywani."

Nilipaza sauti. Naona haya kuandika, lakini nilipaza. Nilisema nyumba hii nimeijenga mimi, mtoto ni wangu, mimi niliota meno yangu ya utotoni kwa taratibu zote, la chini kwanza, na mama yangu alishuhudia. Nilisema mkoloni amekwenda na ujinga umebaki. Bi Mwanjaa hakusogeza miguu. Ndani nilisikia mtoto analia, na Mwanahawa anamnyamazisha, na yeye mwenyewe analia.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Akanisikiliza vizuri, akasema serikali haitambui vigego, na chama hakitambui vigego, na yeye binafsi hatambui vigego. Kisha akasema, "Lakini kwa amani ya kijiji, huwezi kukitoa?" Nilimwuliza kama tarumbeta ya kijiji itapigwa na amani. Akasema tusifike huko.

Nililala jikoni siku mbili. Asubuhi ya tatu Bi Mwanjaa alikuja, akaketi kwenye kinu kilicholala, akanipa mgongo kama inavyompasa mkwe, na akazungumza na ukuta.

"Nilizaa sita," alisema. "Watu wanajua watano. Wa tatu alikuwa wa kike. Aliota la juu. Nilimficha siku nne, mama mkwe wangu akaliona akimnywesha uji. Wakaja wazee asubuhi, wakamchukua, wakaniambia nisilie. Sikulia."

Akaendelea kuuambia ukuta.

"Mimi siliogopi jino lako, baba. Nimekuelewa, ni chuma. Nawaogopa watu. Wakikuita wewe hivyo na ukawa unapita nalo, kila siku watakuwa wanamfungua mtoto wako kinywa kutazama. Watakuwa wanasubiri. Na wanaosubiri wanaona."

Hasira yangu ilitafuta mahali pa kwenda na ikapakosa. Kwake haikuweza kurudi tena. Nilinyanyuka nikaenda kwa fundi baiskeli.

Fundi alijaribu kuling'oa kwa koleo kwanza. Halikuja. Akavuta, akaweka goti kifuani kwangu, akavuta tena. Halikuja. Ndugu zangu, skrubu ile ilikuwa imeshika! Kila alipovuta nilisikia kichwa kizima kinakuja, na skrubu imekaa pale haina habari. Kisha fundi akafikiri kidogo, akasema, "Lakini hii ni skrubu. Skrubu haivutwi, inafunguliwa." Akatafuta spana yake ndogo kuliko zote, akaanza kuzungusha. Ganzi hakuna. Nilikuwa nahisi kila pindi ya uzi wa chuma inavyoondoka mfupani, na katikati mfupa ukapasuka, nikausikia. Nilipiga kelele ambayo balozi aliisikia nyumbani kwake, natumaini.

Niliosha kinywa kwa maji ya chumvi, nikaenda mlangoni nimeshika kitambaa chenye damu. Bi Mwanjaa alisogeza miguu yake. Nikaingia, nikapewa binti yangu. Alikuwa na siku nane.

Korogwe tena

Nilirudi kwa daktari kidonda kilipokauka, safari hii kwa siku mbili tu, maana ukiwa huna kitu cha kuharibu njia inakuwa nyepesi. Nilimwekea skrubu mezani. Akaigeuza, akaona vipande vya mfupa vimeshikamana na uzi wake, akauliza maswali. Elia akatafsiri yote, mpaka habari ya Bi Tatu. Daktari akapiga picha ya taya, akatikisa kichwa: mfupa umepasuka, hapo hapapandwi tena. Kisha akafungua daftari lake akaandika.

"Ameandika nini?" nikamwuliza Elia.

"Kwamba halikufaulu."

Nilisimama. Nilimwambia afute. Nilimwambia skrubu ile haikutikisika, haikutoa usaha, sikuvuta sigara, nilimeza mahindi mazima kwa ajili yake, nimetembea nayo maporini, na ilihitaji spana na goti la mtu kutoka. Ikiwa hiyo haikufaulu, basi ipi imefaulu? Elia alitafsiri, naona kwa upole kuliko nilivyosema. Daktari alinijibu kwa huruma ya kweli, na huruma yake iliniudhi zaidi: jino lisilokuwamo kinywani, kwenye daftari lake, halikufaulu. Daftari halina nafasi ya sababu nyingine.

Elia alinisindikiza hadi nje. Skrubu alikuwa nayo mkononi. Hakuitia kwenye lile kopo la kahawa. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akanipa mkono, akarudi kazini.

Kisimani

Tarumbeta amepewa mtu mwingine, mmemsikia, sina la kuongeza. Mimi nimepewa ngoma kubwa.

Binti yangu alipofika miezi saba alianza kutoa udenda na kung'ata kila kitu. Asubuhi moja Mwanahawa aliniita kwa sauti ya chini. Nikaenda. Alimfungua mtoto mdomo kwa kidole, na mimi nikaona. Lilikuwa limechomoza jeupe, dogo, safi. La juu. Chini hakukuwa na kitu, fizi laini tupu.

Mwanahawa alianza kukunja nguo za mtoto, nadhani hata yeye hakujua za kwenda wapi. Nikasema tumfiche ndani hadi ya chini yaote, wiki mbili, tatu, tuseme ana surua. Wakati tunanong'ona, Bi Mwanjaa, aliyekuwa bado anakaa kwetu, alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akamwinua mtoto, akamtazama kinywani muda mrefu. Kisha akamfunga mgongoni kwa kanga, akachukua ndoo.

"Mama, unakwenda wapi?" Mwanahawa akauliza.

"Kuteka maji."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, saa ambayo wanawake wote wa kijiji wako kisimani. Nilimfuata kwa mbali. Alipofika alimhamisha mtoto kutoka mgongoni, akampakata mbele, na mtoto akawachekea watu kinywa wazi, kama kawaida yake. Mke wa balozi aliona wa kwanza. Akaweka mkono mdomoni. Pampu ikaachwa.

Bi Mwanjaa hakupaza sauti. "Ndiyo," alisema, "ni la juu. Mmeliona wote. Sasa aje wa kumchukua, nimjue uso."

Alisubiri. Alimtazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja akainamia ndoo yake. Mke wa balozi ndiye aliyerudi kwenye pampu, akampisha nafasi, akampigia maji mpaka ndoo ikajaa.

Nilikwenda kumpokea ndoo. Njiani mtoto alikuwa akipiga kelele zake. Nilikuwa na furaha hadi machozi yananitoka, na papo hapo nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, maana ulimi wangu ulikuwa umeingia kwenye pengo, na nilikuwa nafikiri kwamba maneno yale, yale yale machache, angeyasema kwenye kizingiti miezi saba nyuma, ningekuwa na jino. Nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikamwona anamshika mtoto kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama bado kuna mtu anayemvuta upande wa pili. Nikahamishia ndoo mkono wa kushoto, nikatembea.